Wimbo Usio na Kaditama

Mtu wa Ngenge, kata ya wilaya ya Muleba mkoani Kagera, akitaka nyimbo katika simu yake, njia iliyo karibu ni ile ile iliyo karibu Manzese na Darajani: kibanda chenye kompyuta, memori kadi mkononi, na kijana anayejaza nyimbo mia kwa muda wa kunywa chai. Akichoka na kibanda, akataka sasa kununua kwa haki katika duka la mtandaoni, hupewa ushauri uliokwisha kuwa wimbo wenyewe: chagua duka lenye nyimbo nyingi, bei ndogo, na programu isiyokula bando. Ushauri huo ni wa kupimia mchele. Tungo hazipimwi hivyo, na ajabu ni kwamba hata wapenzi wa ushairi, watu wanaoweza kubishana usiku kucha juu ya mizani moja iliyozidi, huupokea bila ya neno.

Duka la nyimbo lina swali moja la kuulizwa kabla ya mengine yote: je, wimbo unafika kwa mnunuzi ukiwa na mwenyewe?

Washairi wa pwani walilijua jambo hili kabla ya umeme. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858 alilitaja jina lake ndani ya beti, akataja na mwaka, akahesabu hata beti zenyewe. Hiyo haikuwa majivuno. Ilikuwa kufuli. Nakala ingenakiliwa Siyu, ingefika Lamu, ingevuka hadi Unguja, na kila mkono ulioishika ungelikuta jina mahali pake. Mwizi wa shairi alilazimika kubomoa ubeti, na ubeti uliobomolewa huonekana.

Faili la wimbo nalo lina kaditama yake. Ndani yake mna nafasi ya jina la mwimbaji, la mtunzi, la albamu na la mwaka. Nafasi hizo ndizo zinazovunjwa kwanza. Faili linalotoka kibandani aghalabu halina jina, au lina namba ya wimbo peke yake. Linalotoka katika tovuti za kupakulia bure hufika na jina la tovuti pale panapopaswa kusomeka jina la mwimbaji. Mwizi wa zamani angalau alilipenda shairi kiasi cha kutaka liwe lake. Huyu wa leo hulibandika anwani yake kama mtu anayebandika tangazo la mganga kwenye nguzo ya umeme, wala hajalisikiliza.

Msomaji wa Visiwani ataona kwamba Ngenge iko mbali, na Kihaya si lugha yake. Basi na amkumbuke Saida Karoli. Sauti hiyo ilitoka Bukoba mwaka 2001 na albamu ya Maria Salome, ikaimba Kihaya mbele ya watu wasiokijua, na kutoka Kampala hadi Mombasa wakaifuata, hata wakaupa wimbo jina lao wenyewe, Chambua Kama Karanga. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautoa upya kwa jina la Salome. Hakuna anayedai hapa kwamba sheria ilivunjwa. Lakini jina linalosomeka kwenye kioo cha simu ni la vijana hao wawili. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipotoka Maria Salome alikuwa na miaka 15, na wangapi katika rika lake walimjua mwanamke wa Bukoba aliyetangulia? Saida alirudi mwaka 2017 na wimbo wa Orugambo, na wengi walimpokea kana kwamba ni mgeni. Hivyo ndivyo mtu anavyofanywa mgeni katika wimbo wake.

Siti binti Saad hakufanyiwa hivyo. Sahani zake zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilibeba jina lake kwenye kibandiko, na aliyenunua santuri alijua anamsikiliza nani kabla ya sindano kugusa. Na mwaka 1950 Hugh Tracey, mtu aliyekuja na vyombo vyake kutoka kusini mwa Afrika, alipopita Tanganyika akirekodi ngoma na vinanda, vya Wahaya vikiwamo, aliandika majina ya wapigaji, kabila, mahali na ala. Msafiri wa zama za ukoloni, asiyekuwa na deni lolote kwa mpiga nanga, aliona aibu kuondoka na sauti bila ya jina. Teknolojia ya leo, inayoweza kubeba maktaba nzima katika kipande cha plastiki kidogo kuliko ukucha, haioni.

Sasa maduka yenyewe. Apple ilifungua iTunes mwaka 2003, wimbo kwa senti 99 za dola, na kwa miaka kadhaa nyimbo hizo zilikuja na kufuli la kielektroniki lililoondolewa mwaka 2009. Kufuli hizo zilikuwa na maana gani, wateja wa Microsoft walikuja kuijua. Duka lao la MSN Music lilipokwisha kufa, walitangaziwa mwaka 2008 kwamba mitambo inayotoa idhini itazimwa, hivyo atakayebadili kompyuta ataachwa na mafaili yasiyofunguka. Makelele yaliwafanya wenye kampuni waongeze muda, lakini somo lilikwisha kutolewa: mnunuzi alikuwa mpangaji siku zote.

Upangaji huo leo umekuwa ndio biashara yenyewe, na haujifichi tena. Boomplay iliingia mikononi mwa watu ikiwa imo tayari ndani ya simu za Tecno. Spotify ilifika Tanzania mwaka 2021. Mlipaji hulipa kwa mwezi, na mwezi asiolipa nyimbo alizohifadhi hufungwa. Kwa mtu wa mjini huo ni usumbufu mdogo. Kwa Ngenge, ambako bando ni sehemu ya bajeti ya nyumba, wimbo wa dakika nne una ukubwa wa takriban megabaiti nne, na kuusikiliza mara ishirini kwa mtandao ni kuununua mara ishirini, bila ya kuumiliki hata mara moja.

Lakini dhuluma kubwa zaidi imo katika hesabu. Spotify huhesabu usikilizaji baada ya sekunde 30. Nusu dakika! Mpiga nanga wa Kihaya, anayeghani habari za wafalme na mashujaa kwa muda mrefu huku akikwanyua ala yake, katika nusu dakika hajamaliza hata kuwatuliza watu. Utendi wake wa nusu saa unahesabiwa sawasawa na kibwagizo cha dakika mbili. Na tangu mwaka 2024 kampuni hiyo hailipi kitu kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12. Kanuni hiyo ilitetewa kuwa ni ya kuzuia udanganyifu. Kwa mzee anayeghani Kihaya, mwenye wasikilizaji mia tatu wanaomwelewa neno kwa neno, maana yake ni moja: wasikilizaji hao si watu.

Mdundo, iliyoanzia Kenya na kuingizwa katika soko la hisa la Copenhagen mwaka 2020, inastahili kusemewa kwa uadilifu. Nyimbo zake za bure hutanguliwa na tangazo, na kwa mtu aliyelelewa na tendi zinazofunguliwa kwa Bismillahi, kufunguliwa wimbo kwa habari za sabuni ni jambo la kukereka. Hata hivyo faili linabaki simuni, mwimbaji anatajwa, na sehemu ya fedha ya tangazo inamrudia. Tangazo lenye jina la mwenye wimbo ni bora kuliko ukimya wa kibanda. Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, inakwenda mbele zaidi: mnunuzi hupewa faili lisilo na kufuli, na duka huchukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kidijitali. Upungufu wake unajulikana: linataka kadi, ilhali Muleba inalipa kwa simu. Mkito, na baadaye Wasafi.com ya Diamond Platnumz mwaka 2017, zilijaribu kuuza wimbo mmoja mmoja kwa shilingi. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi, na wapenzi wa muziki waliokaa pembeni wakingoja cha bure wana sehemu yao katika lawama.

Itasemwa kwamba mkulima hana fedha za kununua nyimbo. Anazo, na anazitoa: kijana wa kibanda analipwa, kampuni ya simu inalipwa, mwenye duka la memori kadi analipwa. Asiyelipwa katika msafara wote huo ni aliyetunga. Itasemwa pia kwamba nanga haimo katika maduka hayo, kwa hiyo uchaguzi ni wa bure. Ni kweli kwamba haimo kwa wingi. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na COSOTA yake, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na COSOZA, lakini mzee asiye na faili, asiye na picha ya jalada, asiye na mjukuu wa kumwandikisha, hatafika dukani kwa miguu yake. Wana wa Kagera wenye simu kubwa wako Dar es Salaam, wako Kampala, wako Ulaya. Baadhi yao wana kanda za babu zao ndani ya makabati. Nyimbo hizo zitakapopandishwa, na zipandishwe na jina la babu katika nafasi ya mtunzi, jina la kijiji, na mwaka ikiwa unajulikana. Na yule wa Ngenge, kabla hajabonyeza kitufe cha kulipa, aifungue kwanza sehemu hiyo aisome. Akiikuta tupu, fedha yake arudi nayo.