Kifafa kitibiwe Bunju na Chamazi

Mgonjwa wa kifafa anayeishi Bunju au Chamazi hana sababu ya kuendelea kuanguka miaka nenda rudi. Ugonjwa wake unajulikana na dawa zake ni za zamani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema tiba ya mwaka mzima kwa mtu mmoja inaweza kugharimu dola 5 tu, na kwamba wagonjwa hadi 70 katika kila 100 wangeacha kuanguka kama wangetambuliwa mapema na kupewa dawa ipasavyo. Kuwaacha waendelee kuungua kwenye majiko ya mkaa na kuacha shule ni uzembe, na gazeti hili linauita hivyo.

Katika sensa ya 2022, manispaa za Kinondoni, iliko Bunju, na Temeke, iliko Chamazi, kwa pamoja zilikuwa na watu zaidi ya milioni 2.3. Tukitumia kiwango cha chini cha WHO, watu 4 katika kila 1,000, tunapata wagonjwa zaidi ya 9,000. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba walikuta karibu wagonjwa 7 katika kila 10 hawatumii dawa. Halmashauri zetu mbili zinapaswa kujua wa kwao ni wangapi, na wanakaa mtaa gani.

Wala nchi hii haianzi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, juu milimani, wakati ambapo watu walikimbia povu la mgonjwa wakiamini linaambukiza. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni. Ikiwa Mahenge ya wakati ule iliweza, Mbagala ya leo inashindwa na nini?

Jibu tunalolisikia mara nyingi ni ukosefu wa vifaa. Hatulikubali. Kipimo cha umeme wa ubongo kinasaidia, lakini mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa na majibu yakaja safi. Utambuzi unaanzia kwa aliyeshuhudia. Mkono gani ulianza kutikisika? Macho yaligeukia wapi? Aling'ata ulimi, alijikojolea, alilala baadaye? Ilichukua dakika ngapi, na alikuwa na homa? Maswali haya anaweza kuyauliza muuguzi wa zahanati aliyefundishwa vizuri, na ndugu mwenye simu aliyerekodi tukio amemletea ushahidi ambao daktari bingwa angeutamani. Mtu akianguka mara mbili au zaidi, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila homa wala sababu nyingine ya papo kwa papo, hicho ni kifafa mpaka ithibitike vinginevyo.

Ila umri lazima uangaliwe, na hapa ndipo tunapowalaumu wanaogawa kidonge kilekile kwa kila aliyeanguka. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anayepata degedege akiwa na homa kali, mara nyingi hana kifafa. Huyo apimwe malaria, aangaliwe homa ya uti wa mgongo, wala asifungiwe kwenye dawa za miaka. Bagamoyo, jirani zetu wa Bunju, utafiti wa miaka ya 1990 ulikuta wazazi wakiogopa kwamba sindano itamuua mtoto mwenye degedege. Woga huo haujaisha mjini. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa ni wa kufuatiliwa tangu mapema. Na yule wa darasa la tatu anayekodoa macho sekunde chache katikati ya imla, kisha akaendelea kuandika, huchapwa kwa utoro wa mawazo, kumbe huenda ni kifafa. Akipewa dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini, hali yake inaweza kuwa mbaya zaidi.

Kwa binti na mama, uzembe unagharimu watu wawili. Mwaka 2023 WHO ilitamka wazi kwamba dawa ya valproeti wasiandikiwe wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba, kwa sababu huleta kasoro kwa takriban mtoto 1 kati ya 10 na kudhuru akili za wengi zaidi. Kabamazepini nayo hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Anayempa mama dawa hizi bila kumweleza hayo amemkosea. Mjamzito aliyezoea dawa asiziache ghafla, na asiyewahi kuanguka akianguka mimba ikiwa kubwa, apimwe presha mara moja, maana kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine na tiba yake ni nyingine. Mzee anayeanza kuanguka akiwa na miaka 70, kabla ya kuitiwa mganga, achunguzwe kiharusi.

Dawa kuisha ni hatari yenyewe. Mgonjwa aliyekatishwa dozi anaweza kupata kifafa kisichokoma, na kikipita dakika 5 hiyo ni dharura ya kuokoa maisha. Fenobabitoni iko chini ya udhibiti wa dawa za kulevya, lakini udhibiti huo haukuwekwa ili rafu za zahanati zibaki tupu.

Tunadai hivi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani ya Kinondoni na Temeke yatenge fungu la dawa za kifafa lisiloguswa kwa kazi nyingine. Kila kituo cha afya kiwe na siku yake ya kliniki ya kifafa, ili mgonjwa asichanganywe kwenye foleni ya afya ya akili na kurudi nyumbani akiitwa mwendawazimu. Mpango wa WHO, unaoishia 2031, unataka wagonjwa 80 katika kila 100 wapate dawa wanazohitaji. Tuanze kuhesabu sasa.

Nawe mzazi uliyemficha mwanao ndani, mtoe. Akianguka, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, rekodi kwa simu, kisha mpeleke kituo cha afya.