HII SIO 3D, NI CHANGA LA MACHO!

Leo mnivumilie, sitaki kumung'unya maneno.

Kuna dogo wa mtaani kwetu anaimba vizuri tu. Juzi kaachia wimbo, tangazo lake limeandikwa kwa maandishi makubwa: VIDEO YA 3D. Dairekta kamchaji laki nne juu ya bei ya kawaida kwa ajili ya hiyo 3D. Hela katoa wapi? Mama yake kakopa kikoba. Nimeicheki video mara tatu, 3D siioni.

Nilichoona ni hiki: picha ya dogo imekatwa, nyuma yake yamebandikwa majengo na mawingu, kila kitu leya yake. Kwenye After Effects unawasha alama ya 3D kwenye leya, unazipanga ya mbele na ya nyuma, unasogeza kamera ya ndani ya programu, kazi kwisha. Vya mbele vinakimbia, vya nyuma vinajivuta. Ni kama uko kwenye basi la Morogoro, nguzo za umeme zinapita chapchap, milima ya Uluguru inakufuata polepole. Inapendeza, sikatai. Ila hayo ni madoido ya mwendo.

3D anayoitangaza ni nyingine. Macho yetu yameachana kama sentimita 6 hivi, kila jicho linaona picha tofauti kidogo, ubongo unaziunganisha ndio unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza hilo tangu 1838! Kwa hiyo lazima ziwepo picha mbili, ya kushoto na ya kulia, na miwani au skrini maalumu ya kuzitenganisha. Wewe unamuuzia mtu video ya kuangalia kwenye simu ya kawaida, bila miwani, unaiita 3D. Jicho la kushoto liko wapi?

Jipime mwenyewe. Fumba jicho moja. Kama ni 3D ya kweli, kile kina kinapotea palepale. Ya dogo ukifumba, iko vilevile.

Najua mtasema hata Hollywood wanageuza video ya kawaida kuwa 3D. Kweli, wanageuza. Clash of the Titans ya 2010 ilipigwa kwa kamera za kawaida ikageuzwa harakaharaka baada ya Avatar kuvuma, na watu waliiponda sana. Hao wana mabilioni! Sasa piga hesabu: wimbo wa dakika 4, picha 25 kwa sekunde, ni picha 6,000, na kila moja inataka pacha wake wa jicho la pili. Wewe umemaliza kwa siku mbili?

Sisemi msifanye leya, fanyeni, tena wengine mnajua sana. Semeni tu ni leya, na mchaji bei ya leya. Na nyie wasanii, kabla hujatoa hela mwambie akuonyeshe picha ya kushoto na ya kulia. Akianza kujiumauma, ondoka na hela yako.

Dogo kabaki na video ya kawaida, mama kabaki na rejesho kila wiki.

Povu ruksa hapo chini. Ila dairekta ukija, njoo na jicho la kushoto.