Mastaa na Sala za Saa Kumi na Moja Alfajiri: Mtoto Kabaki na Nani?

Video yenyewe imetengenezwa vizuri, hilo halina ubishi. Saa kumi na moja alfajiri, taa ya njano, mshumaa wa kunukia, Biblia imefunguliwa na mistari imepakwa rangi tatu, glasi ya maji ya limao pembeni. Mwenye video ni mtangazaji maarufu hapa mjini, mama wa watoto wawili. Anafumba macho, anafumbua, anaandika kitu kwenye daftari. Sekunde chache baadaye yuko jimu, nguo ya mazoezi imemkaa, jasho linang'aa. Chini kaandika kwamba mwanamke anayempa Mungu saa yake ya kwanza hawezi kukosa mume mwenye furaha, watoto wenye adabu na kiuno. Ndiyo, na kiuno.

Watu wakamiminika. "Dada umenibariki." "Mama wa imani." Makopakopa mpaka basi. Katikati ya sifa zote hizo akajitokeza mama mmoja, akaandika kwa adabu tu: "Dada, mwanangu ana miezi mitano, usiku kucha ananyonya, saa kumi na moja ndo kwanza nasinzia. Mimi nifanyeje?" Jibu likaja na emoji ya mikono ya kusali: "Ni vipaumbele tu mamii."

Vipaumbele!

Neno hilo lina dharau ndani yake, sema tu limepakwa sukari. Maana yake ni kwamba mama anayelala saa nne kwa vipande vipande hampendi Mungu vya kutosha, maana angempenda angeamka. Na kwa kuwa kiuno nacho kimechomekwa humo humo, basi hata mwili uliotoka kujifungua juzi unakuwa ushahidi wa imani haba. Mtu kaja kuomba ushauri, kaondoka na hatia mbili, ya roho na ya tumbo.

Na hatia yenyewe ni ya bure, kwa sababu jibu la kweli limo ndani ya video. Wenye macho makali walishaliona. Pale mtangazaji anapofumba macho, mlango wa nyuma yake unafunguka kidogo, sauti ya mtoto inasikika, halafu mkono unapita haraka na mlango unafungwa. Ni mkono wa dada wa kazi. Hicho ndicho "kipaumbele" chenyewe. Dada yuko macho kabla ya bosi wake, na muda huo kambeba mdogo ili mama apate utulivu wa kusali. Utulivu unaonekana kwenye kioo cha simu, aliyeutengeneza haonekani.

Kuwa na dada wa kazi si kosa. Nyumba nyingi za mjini zinasimama kwa sababu yao. Kosa ni kuuza jasho la mwenzio kama nidhamu yako binafsi, kisha kumsomea darasa la vipaumbele mama asiye na msaidizi.

Na si mtangazaji huyo peke yake. Kuna mwimbaji wa injili anayeuza kundi la WhatsApp la siku 21, "funga, omba, kata kitambi", malipo kwa simu, ukichelewa unatolewa kabla ya amina. Kuna kaka wa bongo muvi anayenyanyua vyuma akiwa na fulana yenye maandiko. Maandiko yanabadilika kila siku, pozi ni lile lile. Watoto wake wanamwangalia kwenye simu ya mama yao, kama mashabiki wengine tu.

Hii ya kufunga ndo inauma zaidi. Kufunga kwa Kikristo, hasa wakati wa Kwaresima, kunasimama juu ya mafiga matatu ya tangu enzi: sala, kufunga na sadaka. Unachopunguza kwenye sahani yako kinatakiwa kimfikie mwenye njaa. Kwenye kundi la siku 21 figa la tatu limeondolewa, mahali pake umewekwa mzani. Alfajiri watu wanatuma picha za mzani, kilo 78, kilo 76, wanajibiwa "Utukufu kwa Bwana". Hakuna anayeuliza ule unga ambao haukupikwa umekwenda kwa nani. Jamani, hiyo ni dayati. Dayati si dhambi, ila iitwe dayati.

Nabii Isaya alishaimaliza kesi hii zamani sana. Kwenye sura ya 58 ya kitabu chake watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hata hajatazama. Wanajibiwa kwamba siku hiyo hiyo ya kufunga wanaendelea na starehe zao huku wakiwakandamiza wanaowafanyia kazi. Sikia hilo. Hawakuanza kushtakiwa kwa uchawi wala ulevi. Waliulizwa kwanza wanaishije na wafanyakazi wao. Mistari hiyo bado haijapata bahati ya kupakwa rangi kwenye video. Na Mathayo sura ya 6, ambako Yesu anamwambia anayetaka kusali aingie chumbani na kufunga mlango, nayo haijapata bahati. Mlango kweli umefungwa, lakini ndani kuna stendi ya simu na taa ya duara.

Watetezi watasema, na wameshasema: bora hao kuliko wanaoposti chupa na nusu uchi. Kijana akimwona staa anasali, naye atasali. Hoja hiyo ina ukweli wake, isipuuzwe. Hakuna anayewataka wafiche imani yao, na hakuna anayesema Mkristo asifanye mazoezi. Sala na mazoezi ni marafiki wa siku nyingi. YMCA ilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams, kijana wa dukani aliyekuwa anakusanya wafanyakazi wenzake kusali na kusoma Biblia. Miaka 47 baadaye, mwaka 1891, ni kwenye chuo cha YMCA kule Springfield, Marekani, ambako mwalimu James Naismith alibuni mpira wa kikapu ili vijana wapate mchezo wa ndani wakati wa baridi. Kwa hiyo kila anayedunda mpira wa kikapu Dar leo anacheza mchezo uliozaliwa kwenye nyumba ya watu wa sala. Mtume Paulo naye, alipomwandikia Timotheo barua ya kwanza, hakuyakataa mazoezi ya mwili. Aliyapa maksi chache tu akiyapima na uchaji wa Mungu.

Shida ipo kwenye picha ya ibada inayouzwa, eti ibada ni chumba kitulivu kisicho na mtoto, sufuria wala mume anayekoroma. Anayeiamini picha hiyo anajikuta anaiona familia yake mwenyewe kama kikwazo kati yake na Mungu. Mtoto akilia, "shetani anaharibu muda wangu". Mume akiomba chai, "hanielewi kiroho". Nyumba kibao mjini hapa zimeanza kununiana kwa staili hii, halafu inaitwa vita vya kiroho.

Walioshika sala kweli kweli wengi wao hawakuwa na chumba hicho. Ndugu Lawrence, mtawa wa Kikarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691, alikaa miaka mingi jikoni, na baadaye akawa anatengeneza viatu vya watawa wenzake. Alichokuja kufahamika nacho duniani ni hicho tu, kumkumbuka Mungu katikati ya masufuria. Susanna Wesley wa Uingereza, mama yao John na Charles Wesley, alizaa watoto 19, na karibu nusu walifariki wakiwa wadogo. Inasimuliwa kwamba akitaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakiiona aproni imepanda wanajua mama asisumbuliwe. Chumba chake cha sala kilikuwa kipande cha nguo chenye mafuta ya jikoni.

Na wala si lazima kwenda Ulaya. Nenda Kimara alfajiri hiyo hiyo ya saa kumi na moja, kwenye foleni ya mwendokasi. Yupo mtu pale anasoma masomo ya siku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mkono mmoja kashika chuma, begi la mwenzake liko mbavuni. Hana mshumaa. Akirudi jioni ni ugali, dagaa na watoto wanagombana nani aongoze sala. Mdogo anashinda, anaombea bibi kijijini, anaombea paka, anaomba Jumamosi pawe na chipsi, mkubwa anacheka, anapigwa jicho, amina. Dakika nne. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi mama huyo anafunga kitenge na kutembea mpaka nyumba ya jirani kwenye jumuiya ndogo ndogo, zile ambazo maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walizitilia mkazo miaka ya 1970 ili Kanisa liishi mtaani kati ya majirani. Pale wanasali, wanasikia nani anaumwa, wanachanga. Kumbe figa la tatu liko huku.

Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inawaambia wazazi wayazungumze maneno ya Mungu na watoto wao wakikaa nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hakuna hata nafasi moja kati ya hizo nne inayohitaji chumba cha peke yako. Zote zinataka uwe na watu wako.

Hata upande wa mwili, hesabu si ya jimu tu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea pamoja na kazi za nyumbani zinahesabiwa humo. Mama anayetembea kwa haraka kwenda kituoni na kurudi, jumla dakika 25 kwa siku, siku sita za wiki, tayari ana 150 zake kabla hajagusa beseni la nguo. Mwenye hela ya jimu aende, raha zake. Ila asimuuzie huyu mama wazo kwamba mwili wake hauna nidhamu.

Mama wa mtoto wa miezi mitano naye alistahili jibu. Mbona lilikuwa rahisi? Angeambiwa kwamba ile saa nane ya usiku, mtoto yuko kifuani na nyumba yote imelala, ni saa nzuri tu ya kusema Baba Yetu kimoyomoyo, na akisinzia katikati, Mungu haweki alama ya vema wala ya kosa. Angeambiwa amwamshe baba mtoto ambebe nusu saa. Mbona "vipaumbele" haviandikwi kwenye kurasa za akina baba? Yule kaka wa vyuma ana saa mbili za jimu kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kumuuliza nani kawavalisha watoto sare.

Turudi kwa mwenye mkono mlangoni, maana ndo kesi yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Amri ya Sabato nayo inamtaja mtumishi na mjakazi kwa kinywa kipana, wapumzike kama bwana wao. Sheria ya nchi na ya Musa zimekutana hapo, na nyumba ngapi za wanaoposti sala zinazifuata? Dada anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na Jumapili ndo siku ya kazi nyingi kuliko zote, maana wageni wanakuja baada ya ibada na pilau halijipiki. Binti kaletwa kutoka kijijini alikokuwa anaimba kwaya, kafika Dar kwenye nyumba inayojiita ya kilokole, na kanisa analisikia kwenye TV huku anapiga deki.

Kwa hiyo kama kuna haja ya siku 21 nyingine, zianzie hapo, bila kamera na bila kundi la kulipia. Siku moja moja mtangazaji achukue mtoto saa kumi na moja, aoshe chupa za maziwa, apasi zile sare, na dada ndiye akae na Biblia mpaka kupambazuke. Jioni asali na wengine mezani, akiwa amekaa, kabla chakula chake hakijapoa. Na Jumapili hii, gari litakapotoka getini kwenda ibadani, dada atakuwa kakaa kiti gani, au ndo atakuwa amebaki kufunga geti?