Faida Si Ushahidi

Mwenzangu ametushauri tusihangaike kuuliza kama Mungu yupo: imani humliwaza mfiwa, humwachisha mlevi chupa, basi yatosha. Haitoshi. Na aje Marafa, kaunti ya Kilifi. Pale kwenye korongo la Nyari, wanaotembeza wageni husimulia habari za matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akaudidimiza mji wao. Kisa hicho kina faida tele: kinakanya ubadhirifu na kinawapa wasimulizi riziki. Lakini korongo lile limechongwa na mvua na upepo, na kingo zake bado zinameguka, ingawa siku hizi hakuna anayeoga maziwa, tunayanunua kwa pakiti.

Dau la Pascal, hoja ya kumwamini Mungu kwa hesabu ya faida na hasara, analoliegemea mwenzangu, lilidhani anayeamini hapotezi kitu kikubwa. Lakini tazama Shakahola, katika kaunti hiyo hiyo ya Kilifi. Tangu Aprili 2023 msituni mle imefukuliwa miili zaidi ya 400, mingine ya watoto. Waumini waliofunga humo hadi kufa, kwa kuambiwa na mhubiri wao, walitarajia faida kubwa kuliko zote, kumwona Yesu. Mtu wa namna hiyo humzuii kwa hesabu ya faida. Faida yake imeshaizidi yako. Utamzuia kwa kumwambia kwamba aliyoambiwa si kweli, na neno hilo mwenzangu ameshalitupa.