Mwacheni Mkulima Alime

Jamani, mkulima wa watu kakosa nini?

Nina ugomvi na wenzangu tunaokutana kusomeana hadithi. Juzi niliwapelekea kitabu cha mtumba chenye picha ya Icarus akianguka, ule mchoro ulioko Brussels. Kwa miaka mingi umehesabiwa kuwa kazi ya Pieter Bruegel wa karne ya 16, ingawa wataalamu wengi sasa wanaona ni nakala tu. Mbele kabisa yupo mkulima, anafuata plau inayokokotwa na farasi. Mchungaji kaegemea fimbo, anatazama juu. Mvuvi naye na mshipi wake. Na Icarus mwenyewe, aliyeruka kwa mabawa ya manyoya na nta mpaka jua likaiyeyusha? Miguu tu, kona ya chini kulia, inazama karibu na meli.

Wenzangu wakapiga kelele: watu gani hawa, hawana huruma! Mmoja akasema ndivyo jamii inavyotutenda sisi waandishi. Wapi! Kila mtu anajiona Icarus.

Ovid, mshairi wa Roma, alisimulia kwamba mkulima, mchungaji na mvuvi waliwaona Icarus na baba yake Daedalus angani, wakashangaa, wakadhani ni miungu. Mchoraji ndiye aliyewaondolea mshangao huo. Badala yake tazameni tawini, karibu na mvuvi. Kuna kwale.

Kwale huyo ana kesi. Ovid anasema Daedalus aliletewa mpwa wake, mtoto wa dada, miaka 12, amfundishe kazi. Mtoto akatazama uti wa samaki, akabuni msumeno. Mjomba (mjomba, jamani!) akaingiwa wivu, akamsukuma kutoka ngome ya Athens. Minerva, mungu wa kike, akamdaka hewani, akamgeuza kwale. Siku Daedalus alipomzika Icarus, kwale alipiga mabawa kwa furaha.

Haya, katili ni nani hapo? Mwenye plau?

Nasema kwa uchungu kwa sababu mhariri mmoja alinirudishia mswada. Eti muuza maji hawezi kubeba riwaya, nimweke mbele yule tajiri anayefilisika. Kidato cha nne nilichoishia kinanitosha kumkatalia. Muuza maji anafungua ukurasa wa kwanza na mkokoteni wake. Tajiri nimempa aya moja, sura ya tano, anapita nyuma ya foleni ya madumu.