Mama Wanyonyeshao Baharini



Watoto wetu wa Pwani huwaita pomboo, nyangumi na nguva kwa jina moja: samaki. Hao si samaki. Wana damu ya moto, hupanda juu kuvuta pumzi, huzaa na hunyonyesha. Allah Subhanahu wa Taala amewajaalia kuwa mama ndani ya maji ya chumvi, na baadhi yao ni jirani zetu katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini mwa kisiwa cha Wasini.

Pomboo ndio waonekanao zaidi pale. Mama hubeba mimba yapata miezi 12, akazaa mtoto mmoja ambaye huogelea ubavuni pake. Nyangumi wenye nundu ni wageni wa msimu: yapata Julai hadi Septemba hutoka bahari za baridi za kusini, wakifuata maji ya joto wapate kuzaa na kulea.

Nguva ndiye atutiaye simanzi. Ni mnyama mpole alaye nyasi za baharini. Mimba yake hupita mwaka, naye humnyonyesha mwanawe hadi miezi 18, chuchu zake zikiwa karibu na kwapa. Qur'ani Tukufu imetaja miaka miwili kamili kwa wanyonyeshao miongoni mwetu. Nguva naye hayuko mbali. Baina ya mtoto na mtoto huweza kupita miaka 3 hata 7. Kwa hiyo jarife likimnasa mama mmoja akakosa pumzi, pengo lake haliziby­ki upesi. Leo nguva waliosalia Kenya ni wachache mno.

Wako wazee wetu waliokula nyama yake, wala hatuwalaumu, kwani wanazuoni wengi wa madhehebu ya Imam Shafi wamehalalisha viumbe wa baharini. Lakini uhalali wa kula si ruhusa ya kumaliza. Israfu imekatazwa, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inamlinda. Tena Suratul An'am, aya ya 38, yatufundisha kwamba wanyama nao ni umma mfano wetu.

Basi sisi kina mama tuna la kufanya. Mume, kaka au mwana aliye mvuvi tumuusie: akimkuta nguva au pomboo yu hai wavuni, amwachilie, hata kama ni kwa kukata nyavu. Tukipanda mashua pamoja na watoto, tumwombe nahodha asiwafukuze pomboo wala asipite kati ya mama na mwanawe. Taka zetu tusiziache ufuoni. Kina mama wa Wasini, wenye njia ya mbao juu ya bustani ya matumbawe, wameshatuonyesha kwamba kutunza nako kuna riziki.

Tuwafunze wana wetu majina yao wangali wapo, wasije wakamjua nguva kwa hadithi tu.

Wabillahi tawfiq.