Elimu ya Kufuli Zisizoonekana

Wako wazazi, Kiseke na kwingineko mjini Mwanza, ambao husita sana pindi kijana wao aliyemaliza kidato cha 6 asemapo kwamba ataka kwenda Chuo Kikuu kusomea usalama wa mitandao na maandishi ya siri. Husema hiyo ni elimu ya wezi. Hofu yao twaifahamu, lakini hatukubaliani nayo hata kidogo.

Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, malipo ya mama muuza dagaa wa Mwaloni, ujira wa kibarua na hata michango ya msiba vimekuwa vikipita hewani. Mali hiyo hailindwi na askari mwenye rungu. Yalindwa na hesabu.

Wala hapana uchawi ndani yake. Watoto wa pwani tangu zamani huzungumza kinyume, “kitabu” wakakiita “bukita”, ili wakubwa wasiwaelewe. Lakini fumbo la namna hiyo, ukiisha kujua desturi yake, limekwisha. Kufuli za leo ni za jinsi nyingine: namna ya kufunga hutangazwa kwa watu wote, na ufunguo peke yake ndio siri. Mwulize mtoto wa darasa la 7 mara ngapi 53 kwa 61, naye atakujibu 3233. Kisha mpe mwenziwe hiyo 3233, umwambie ataje namba mbili zilizoizaa, atatoka jasho. Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Marekani, Rivest, Shamir na Adleman, walitengeneza kufuli juu ya taabu hiyo hiyo, na namba zitumikazo siku hizi huwa na tarakimu zaidi ya 600.

Elimu hii imekwisha kupita katika ardhi ya Afrika Mashariki bila kutuachia kitu. Mwaka 1942, wakati wa vita, Waingereza walihamishia karibu na Kilindini, Mombasa, kikosi chao cha kufumbua maandishi ya siri ya Wajapani, wakakiweka katika majengo ya shule ya Allidina Visram. Humo shuleni waliyafumbua maandishi ya meli za Kijapani. Mwaka uliofuata wakaondoka na maarifa yao. Je, tutaendelea kuwa wenye nyumba tu, na ufunguo ukae kwa wageni?

Leo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, chafundisha shahada ya usalama wa mitandao. Mlango u wazi. Lakini aingiaye bila Hisabati ataishia kubonyeza vitufe vilivyotengenezwa na wengine, na sote twajua kwamba kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wa kidato cha 4 wameshindwa somo hilo. Hapo ndipo penye ugonjwa, wala si katika tabia za vijana.

Kuhusu wizi, twawaambia wazazi hivi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kuingia katika mtambo wa mtu pasipo haki, na mwanafunzi wa fani hii hana budi kuijua kabla ya kugusa chochote. Mwizi wa simu, kwa kweli, hana haja ya shahada. Yeye hutuma ujumbe, “ile hela tuma kwenye namba hii”, na mfanyakazi aliyechoka huituma kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna hesabu izuiayo jambo hilo. Kwa hiyo twataka kijana atakayerudi kutoka Dodoma ajue namba, na ajue pia jinsi mtu wa Kirumba anavyodanganywa saa 2 usiku akiwa amesinzia.

Basi wajumbe wa bodi za shule za sekondari, Kiseke na Ilemela yote, watakapokutana, waulize kwanza: mwalimu wa Hisabati yupo? Na kama hayupo, ni nani aliyeandikiwa barua, na alijibu nini?